Umesahau kidonge cha majira na unaona matone ya damu?
Wadada, ukisahau kimoja tu kimeze palepale unapokumbuka, hata kama siku hiyo utameza viwili, alafu endelea kama kawaida. Matone yanaweza kuja, na miezi 3 ya mwanzo ni kawaida sana, vaa pedi ndogo lakini tafadhali USIACHE dozi, wengi wanaacha hapo ndo mimba inaingia.

Ukiruka viwili au zaidi meza cha mwisho ulichosahau, vya nyuma achana navyo, tumia kondomu siku 7, na kama ilikuwa wiki ya 3 ya pakti ruka vile 7 vya kahawia (vya mwisho wa pakti, havina homoni ya kuzuia mimba) uanze pakti mpya (hivyo vya kahawia ukivisahau havina shida). Damu ikizidi nenda kliniki. Unanyonyesha? Vidonge vyako vina masharti tofauti, muulize nesi.