CD ya 1998 kwenye laptopu ya leo: nilivyoiamsha Need for Speed III

Mpwa wangu ana miaka 11. Aliikuta ile CD kabatini kwa bibi yake, kwenye kasha lililokatika bawaba, akaja nayo bandani kwangu Ngamiani, Tanga, ameishika kwa ncha za vidole kama kisahani cha chai. "Shikamoo mjomba. Hii inaingia wapi?" Nikaitazama laptopu yake, kweli haina pa kuiingizia.

Ni Need for Speed III: Hot Pursuit, gemu ya mbio za magari ya mwaka 1998, CD halisi. Marehemu kaka yangu alitoka nayo Muscat pamoja na kompyuta ya Pentium II iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia. Tuliicheza mpaka kibodi ikafutika herufi. Kuiwasha kwenye Windows 11 kulinila jioni mbili, na jioni ya kwanza niliipoteza bure, kwa hiyo nakueleza njia ya jioni ya pili.

Anza na CD yenyewe. Tafuta draivu ya DVD ya nje, ile ya kuchomeka USB. Hata ya kuazima inatosha, maana utaihitaji mara moja tu. Ifute CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari mnyoofu, usizungushe. Mambo ya kuisugua kwa dawa ya meno yapo na nimeyafanya, ila ni kwa mikwaruzo midogo ya upande unaong'aa. Upande wa kuogopa zaidi ni wa juu, wenye picha. Data za CD zimelala chini ya rangi ile ile, na ikibanduka, data zimeondoka nayo.

CD ikisomeka, usianze kucheza. Itengenezee kwanza faili la ISO, yaani nakala yake nzima. Mimi natumia ImgBurn, ni ya bure. Yangu ilikwama karibu na mwisho mara mbili. Nikapunguza kasi ya kusoma hadi ya chini kabisa, nikaenda kuswali Isha, nikarudi nikakuta imemaliza. Kuanzia hapo CD ilirudi kabatini kwa mama. Windows ya siku hizi unaibofya ISO mara mbili tu, inajitokeza kama draivu yenye CD ndani.

Sasa ile jioni niliyoipoteza. Nilifanya kama mtu yeyote: nikabofya Setup, yaani kisakinishi, programu ya kuingiza gemu kwenye kompyuta. Windows ikajibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Nikabofya kulia, nikaweka hali ya Windows 98, nikaweka ya XP, nikaendesha kama msimamizi. Jibu likawa lile lile. Sababu ni kwamba gemu nyingi za zama zile zilikuja na kisakinishi cha biti 16, muundo wa programu wa kizamani, na Windows ya biti 64 haibebi kabisa programu za biti 16. Windows 11 haina hata toleo la biti 32, kwa hiyo pa kukimbilia hakuna. Ile hali ya Windows 98 inaidanganya programu kuhusu umri wa mfumo tu, mashine haibadiliki.

Nilichopaswa kukumbuka mapema, na mimi ni fundi, ni kwamba gemu hizi ni vitu viwili: data, yaani picha, sauti, barabara na magari, na programu ndogo inayoziendesha. Data hazizeeki. Kinachokataa ni programu. Basi data unazichukua kwenye CD yako, programu unaibadilisha.

Tengeneza folda, mfano C:\Gemu\NFS3. Usiiweke ndani ya Program Files, kwani huko Windows inazuia programu kuandika, na gemu za zamani zinapenda kuandika kumbukumbu zake pale pale zilipo. Utamaliza mashindano yote, kesho ukute huna hata kikombe kimoja. Fungua ISO, unakili folda mbili, fedata na gamedata, uzibandike humo. Kisakinishi kiache kilale.

Halafu pakua kiraka, yaani programu ya kurekebisha gemu, kinachoitwa NFS III Modern Patch, kazi ya mtu anayejiita VEG. Fungua faili lake la zip, mwaga vilivyomo kwenye folda ile ile, juu ya zile data. Ndani yake mna nfs3.exe mpya. Kibofye. Kwangu gemu iliwaka hapo hapo, ule muziki wa menyu ukalia, na jirani anayeuza vocha akachungulia kuuliza kama ni ile anayoijua yeye.

Tahadhari moja hapa. Kabla sijafika kwa VEG nilipakua "kiraka" kwenye tovuti nyingine iliyojaa vitufe vya kijani. Ilinitaka nizime antivairasi kwanza. Nilizima, nakiri, na kilichofuata ni kivinjari kujaa matangazo ya kamari kwa siku mbili. Ukiambiwa uzime ulinzi kabla hujajua unachosakinisha, funga ukurasa.

Kwa nini kiraka hiki kinafanikiwa? Mwaka 1998 mwenye kadi ya picha ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx ndiye aliyekuwa mfalme wa mtaa. Gemu ziliongea na kadi ile kwa lugha yake yenyewe, Glide. Mwishoni mwa 2000 Nvidia ilikubali kununua mali za 3dfx, na lugha ikabaki bila msemaji. Kuna programu inaitwa nGlide ambayo ni mkalimani: gemu inazungumza Glide, yenyewe inaigeuza kuwa Direct3D, lugha ya picha ya Windows, ambayo kadi ya leo inaielewa. Kiraka kimejengwa kikijua hilo. Tatizo jingine ni prosesa: gemu iliandikwa wakati kompyuta ya nyumbani ina kiini kimoja, na ikikuta vinne au vinane inaweza kuganda katikati ya kona. Kiraka kinalishughulikia hilo pia. Skrini pana nayo inakubali, magari hayavutwi yakawa mapana kama chapati.

Ukiona picha inakatika, au skrini inabaki nyeusi huku sauti inasikika, fungua nfs3.ini kwa Notepad. Humo ndimo inamobadilishwa driva ya picha, ile programu ndogo inayoiunganisha gemu na kadi ya picha. Badilisha kitu kimoja, hifadhi, jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuponya.

Gemu za zamani zaidi, za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows kuenea, hazihitaji haya yote. Chukua DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, andika mount c c:\gemu\dos, halafu c:, ingia kwenye folda yake, ita jina la programu. Ikienda taratibu bonyeza Ctrl na F12, ikikimbia mno Ctrl na F11.

Tulipomaliza, mpwa alitaka tucheze wawili, skrini imegawanywa. Kibodi ya laptopu ilishindwa: nikishika gesi na kona, vitufe vyake yeye vinakufa, kwa sababu kibodi za bei nafuu hazipokei vitufe vingi kwa wakati mmoja. Nikachomeka ya pili ya USB, yangu mimi, yake yake. Mimi nikachukua Lamborghini Diablo, kama zamani. Yeye akapekuapekua menyu, akagundua kwamba kwenye kompyuta unaweza kuwa askari, na mzunguko wa kwanza haujaisha alikuwa ameshaniandikia faini.