Namna ya kuipunguza modeli ya inveta bila kuharibu majibu

Wenzangu mnaofanya simulesheni za gridi, khasa nyie mnaoshughulika na sola huku visiwani, ukiiingiza inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa DC wa paneli kuwa AC wa gridi) na kila swichi yake utasubiri majibu mpaka kesho, na nusu ya hesabu hizo huzihitaji. Kwanza jiulize unatafuta nini. Kama unataka kujua volteji inakaaje wingu likipita juu ya paneli kule Pemba, hayo ni mambo ya sekunde, twende. Kama unatafuta hamoniki, yaani mawimbi ya kasi ya juu yanayochafua umeme wa hezi 50, baki na modeli kamili yenye swichi zote.

Hatua ya 1: toa swichi. Inveta ambayo swichi zake zinapiga kwa kilohezi 10 inamaliza mzunguko mmoja kila mikrosekunde 100, kwa hio inakulazimisha upige hesabu kila mikrosekunde 1 au chini ya hapo. Weka wastani wa volteji wa kila mzunguko, hapo unaenda hata na mikrosekunde 50.

Hatua ya 2: hamishia kila kitu kwenye fremu ya dq, yaani mihimili miwili (d na q) inayozunguka pamoja na wimbi la gridi, ile hesabu ya Park ya 1929, mawimbi ya hezi 50 yanakuwa namba zilizotulia.

Hatua ya 3 ndo yenyewe. Andika kila kipande na muda wake, mfano lupu ya karenti (kidhibiti cha karenti ndani ya inveta) nusu milisekunde, filta ya kupimia pawa ya hezi 5 ni kama milisekunde 32. Chenye kasi zaidi ya mara 10 kuliko unachokitafuta kichukulie kishatulia, kasi yake ya kubadilika iwe sifuri. Lakini usiufute mlinganyo wenyewe jamani! Tazama koili ya filta:

L·did/dt = vd − ed − R·id + ωL·iq

Hapo id na iq ni karenti ya koili, vd ni volteji ya upande wa inveta, ed ya upande wa gridi, L na R ni indaktansi na upinzani wa koili, ω ni kasi ya wimbi la gridi. Kushoto pakiwa sifuri, ωL·iq bado ipo. L ikiwa milihenri 2 basi ωL ni omu 0.63, na R tuseme omu 0.1, sasa ukiitupa ωL umetupa sehemu kubwa ya kizuizi chote na pawa utakayopata ni uongo mtupu.

Hatua ya 4: PLL, ile sehemu ya inveta inayofuatilia wimbi la volteji ya gridi ili iende nalo sambamba, usiitoe kabla hujapima nguvu ya gridi. Pemba inalishwa na kebo ya baharini ya kilovolti 33 kutoka Tanga tangu 2010, na mwisho wa laini ndefu kama ile gridi inaweza kuwa dhaifu. Gawa pawa ya shoti (ile ambayo gridi ingetoa kama pangepigwa shoti) ya pale inveta ilipoungwa kwa ukubwa wa inveta, ukipata chini ya 3 iache PLL yote, mana inafuata volteji ambayo inveta yenyewe inaisukuma, zikianza kuvutana modeli isiyo na PLL itakwambia shwari wakati mtambo unayumba.

Hatua ya 5: linganisha na modeli kamili. Pandisha pawa kutoka 0.5 mpaka 0.6 ya uwezo wa inveta, afu shusha volteji kwa asilimia 20, weka grafu moja juu ya nyingine. Zikiachana milisekunde chache za mwanzo tu, sawa. Mayumbo yakiwa na kasi tofauti, au moja inatulia na nyengine haitulii, rudisha kipande cha mwisho ulichotoa urudie.

Inveta zikiwa nyingi nyuma ya transfoma moja na setingi zao ni zile zile, ziunge ziwe moja kubwa. Zenye setingi tofauti ziache mbali mbali hata kama zimetoka kiwanda kimoja.