Kabla ya Kutuma Lokesheni kwa Familia: Mambo ya Kuzingatia kwa Msafiri wa Tanga

Mtu anayetoka Tanga mjini kwenda Lushoto, Pangani au Dar es Salaam siku hizi haulizwi tena kila nusu saa amefika wapi. Anaambiwa atume lokesheni, na waliobaki nyumbani huifuata nukta yake kwenye ramani. Utaratibu huu ni mzuri, lakini nukta ile huonyesha mahali simu ilipokuwa ilipowasiliana na mtandao kwa mara ya mwisho, wala haisemi lolote kuhusu hali ya mwenye simu. Kwa sababu hiyo maandalizi yaliyo muhimu zaidi ni makubaliano baina ya anayetuma na anayepokea, na yafaa yafanyike kabla basi halijatoka stendi ya Kange.

Jambo la kwanza la kukubaliana ni namna ya kuuelewa ukimya. Katika safari ya kutoka Muheza kwenda Amani, gari linapoanza kupanda milima ya Usambara Mashariki mtandao huweza kukatika, na nukta hubaki palepale hadi simu ipate mnara mwingine. Mama aliyeketi Ngamiani akiitazama nukta iliyoganda kwenye kona ya mlima anaweza kuamini kwamba gari limepinduka, ilhali mwanawe amesinzia kitini. Aonyeshwe mapema yale maandishi madogo yanayoeleza taarifa ilisasishwa lini. Ikiwa imesasishwa sasa hivi na nukta haisogei, basi gari limesimama kweli. Ikiwa ilisasishwa dakika arobaini zilizopita, kilichosimama ni mawasiliano. Baada ya hapo waafikiane ukimya wa muda gani utamfanya apige simu, apigiwe nani endapo msafiri hapatikani, awe konda au mwenyeji anayemsubiri, na nani ataamua kwamba sasa ni wakati wa kutafuta msaada. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na ziachwe nyumbani, kwa kuwa namba iliyomo ndani ya simu isiyopatikana haimsaidii mtu. Kwa maoni yangu, familia ambayo haijakaa kuzungumza hayo ni afadhali iendelee na utaratibu wa zamani wa kupiga simu ukifika, kwani nukta isiyoeleweka huleta hofu kuliko kutokuwa na nukta kabisa.

Pili, chagua muda unaolingana na safari. WhatsApp hutoa nafasi tatu kwa lokesheni ya moja kwa moja: dakika 15, saa moja au saa 8. Anayeondoka Tanga saa tisa alasiri akachagua saa 8 ataacha kuonekana saa tano usiku, muda unaotosha kufika Dar es Salaam iwapo hakuna pancha wala foleni ndefu. Basi likiharibika njiani, atume upya kabla muda haujaisha. Google Maps humruhusu mtu kuweka muda mrefu zaidi, au kuacha wazi hadi atakapozima mwenyewe, na humwonyesha mpokeaji kiwango cha chaji kilichobaki kwenye simu ya msafiri. Hilo lina manufaa yake, kwa sababu anayeona chaji imebaki asilimia nne hatashangaa nukta ikipotea. Mwenye iPhone na mwenye Android watumie programu ambayo wote wawili wanayo, na waijaribu wakiwa bado nyumbani.

Tofautisha pia lokesheni inayosogea na pini ya mahali pamoja. Bodaboda anayekuja kukuchukua Mwahako, au fundi anayetafuta nyumba yako, anahitaji pini tu. Hana sababu ya kukufuata saa nane nzima.

Upande wa simu yenyewe, mambo ni machache. Programu ipewe ruhusa ya kutumia eneo wakati wote, si pale tu inapofunguliwa, la sivyo nukta inaweza kuganda mara skrini inapozimwa. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, simu humpa mwenyewe uwezo wa kutoa eneo la makadirio badala ya eneo kamili. Ukichagua makadirio, nyumbani wataona mduara mpana unaoweza kufunika kata nzima. Hali ya kuokoa chaji huweza kuzuia programu kufanya kazi chinichini, kwa hiyo kubeba pawabenki ni bora kuliko kuitegemea hali hiyo. Bando nalo likaguliwe muda wake, si kiasi chake tu, maana la siku moja linaweza kukuishia katikati ya safari huku sehemu kubwa haijatumika.

Wengi hudhani kwamba bando likiisha simu haijui tena ilipo. Sivyo. Simu hupokea ishara za setilaiti za GPS zinazozunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 20,200, na ikizisikia walau nne huweza kukokotoa mahali ilipo bila intaneti, hasa ikiwa mahali pa wazi. Kinachohitaji mtandao ni kuifikisha taarifa hiyo kwa mwingine, na kwa kazi hiyo ujumbe mfupi wa kawaida unatosha. Pakua mapema ramani ya njia yako, kisha ujizoeze kubonyeza nukta yako kwa muda hadi namba mbili zinazotaja mahali ulipo zitokee. Kwa Tanga mjini namba hizo huanza na -5.07 na 39.10 hivi. Ziandike zikiwa na tarakimu nne baada ya nukta ya desimali, kwa kuwa tarakimu mbili pekee huacha shaka ya zaidi ya kilomita moja, wakati nne huishusha hadi mita 11 hivi. Alama ya kutoa isisahaulike: sisi tuko kusini ya ikweta, na mpokeaji akiandika 5.07 bila alama hiyo ramani itampeleka kusini mwa Ethiopia.

Wavuvi na wasafiri wa majini wana jambo lao. Anayetoka mwalo wa Deep Sea au Sahare usiku ataonekana kwa muda, kisha mtandao utamwacha kadiri anavyokwenda mbali na pwani. Nukta ya mwisho itasema alielekea wapi, lakini mkondo na upepo havimsubiri mtu pale alipopotelea. Simu iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na nchi kavu yaachwe maandishi yanayotaja jina la chombo, idadi ya watu, mahali wanapokwenda kuvua na saa ya kurudi. Wala simu isichukuliwe kuwa mbadala wa jaketi la kujiokolea au wa redio ya VHF, yaani redio ya mawasiliano ya vyombo vya majini, ambayo chaneli yake ya dharura ni ya 16. Na anayepiga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji asidhani kwamba wanaona nukta aliyotumiwa yeye; awe tayari kuwasomea zile namba mbili za mahali au kuwatajia barabara, mtaa na alama iliyo karibu.

Limebaki suala la nani aonyeshwe. Lokesheni ikitumwa kwenye kikundi, kila mwanakikundi huiona, akiwemo yule aliyeongezwa kwa ajili ya michango ya harusi na hakuna anayekumbuka ni jamaa wa nani. Kuwatangazia watu hao kwamba nyumba haina mtu ni hatari isiyo ya lazima. Watu wawili au watatu wanatosha. Kijana mkubwa na mwenzi wa ndoa waombwe ridhaa, na anayekubali awe na haki ya kuzima bila kugombezwa, kwa sababu lokesheni inayodaiwa kwa vitisho huacha kuwa ulinzi. Ukifika, zima mwenyewe, ukikumbuka kwamba kwenye WhatsApp picha ya mahali ulipoanzia hubaki katika mazungumzo. Mara kwa mara fungua orodha ya watu unaowaonyesha eneo lako kwenye Google Maps na uwaondoe wasiohusika. Anayeuza simu au kumwachia mtu mwingine aitoe kwanza akaunti yake, la sivyo nyumbani wataendelea kuifuata nukta ya mtu wasiyemjua.