Namna ya Kuhifadhi Picha za Familia Zisipotee Pamoja na Simu

Mteja mgumu kuliko wote katika kibanda changu cha ufundi hapa Kariakoo ni yule anayeweka mezani simu isiyowaka kabisa na kusema kwamba simu yenyewe haitaki tena, anachotaka ni picha za marehemu mama yake zilizomo ndani. Enzi za memori kadi tulichomoa kadi, tukaisoma kwenye kompyuta, kazi ikaisha. Simu janja za leo huhifadhi data kwa njia ya usimbaji, yaani kuifunga kwa msimbo wa siri, na ufunguo wa kuifumbua hukaa ndani ya bodi ya simu hiyohiyo. Kwa hiyo bodi ikishakufa kwa maji ya bahari au kwa shoti, hata fundi akiing'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwa mashine nyingine atapata data isiyosomeka. Bodi nyingine hufufuka, nyingi hazifufuki. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye simu yake bado inawaka.

Hatua ya kwanza: kusanya picha zote mahali pamoja

Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye simu ya Android chagua kuhamisha faili, maana usipochagua hivyo simu itachaji tu. Picha ulizopiga mwenyewe zimo katika folda iitwayo DCIM. Za WhatsApp, kwa Android za miaka ya karibuni, zimejificha ndani ya folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, na watu wengi huzisahau huko.

Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imepunguzwa ubora, na taarifa za tarehe na mahali ilipopigwa zimeondolewa. Ikiwa shangazi ndiye aliyepiga picha ya harusi, mwombe akutumie ile halisi kama hati, si kama picha, nawe utaipata kama ilivyotoka kwenye kamera yake. Mwenye iPhone atazame kwanza mipangilio ya picha, kwani simu ikiwa imewekewa kubana nafasi, picha halisi huenda ziko iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na simuni zimebaki nakala ndogo tu.

Kadiria nafasi unayohitaji. Picha ya megapikseli 12 huwa na megabaiti 3 hadi 5, hivyo picha 10,000 zitachukua takriban gigabaiti 40. Video zipigie hesabu peke yake, kwa sababu dakika moja tu ya ubora wa 4K hupita megabaiti 100 kwa urahisi.

Hatua ya pili: nunua diski, kisha ipime

Flashi iliyoandikwa terabaiti 2 na kuuzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni ya bandia. Kompyuta itakuonyesha terabaiti 2 kweli, na faili zitaonekana zimeingia, lakini ujazo halisi ukishafika mwisho data mpya hupotea au huifuta ya zamani, nawe hutajua hadi siku utakapozihitaji. Kabla hujaweka picha hata moja, pima kifaa kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi hujaza kifaa chote na kukisoma tena, kazi ambayo huweza kuchukua saa kadhaa.

Kwa kuhifadhi kabatini mimi napendelea diski ya nje ya kuzunguka kuliko flashi, kwa kuwa flashi hushikilia data kwa chaji ya umeme ambayo huvuja polepole kifaa kikikaa miaka bila kuchomekwa. Iwekee (format) mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT ili isomeke kwenye Windows na Mac; mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Kwetu pwani unyevu nao ni adui, basi ifungie kwenye chombo cha plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Hatua ya tatu: nakili, hakiki, ndipo ufute

Tumia amri ya kunakili, usitumie ya kukata, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuhamisha unaweza kubaki na faili nusu huku na nusu kule. Folda zipe majina yanayoanza na mwaka, kwa mfano 2023-12-28 harusi Tanga, kwani kompyuta itazipanga kwa mfuatano wa wakati bila wewe kushughulika.

Baada ya kunakili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha chomoa diski kwa utaratibu, ichomeke upya na ufungue picha kadhaa, hasa za mwisho kunakiliwa. Watu huiruka sehemu hii, kisha huja kwangu na diski iliyojaa majina ya faili yasiyofunguka.

Hatua ya nne: weka nakala nje ya nyumba

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Mwizi hubeba kompyuta na diski kwenye mkoba mmoja, na mafuriko hayachagui droo. Unaweza kuacha diski ya pili kwa ndugu na kuibadilisha kila mnapoonana sikukuu. Ikiwa hutaki zionwe na mtu, ifunge kwa programu ya VeraCrypt.

Njia nyingine ni hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zikigawanywa kati ya picha, barua pepe na Drive, na iCloud hutoa 5. Ruhusu upakiaji kwa Wi-Fi pekee, la sivyo bando litakwisha kabla ya adhuhuri. Jambo linalowaponza wengi ni kudhani kwamba picha ikishapanda mtandaoni wanaweza kuifuta simuni: ndani ya programu ya Google Photos, kufuta kwa njia ya kawaida hufuta pande zote mbili, na picha iliyokuwa imepakiwa hubaki kwenye taka siku 60 tu. Akaunti isiyotumika kwa miaka 2 nayo huweza kufutwa.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai msimbo wa pili baada ya nenosiri, lakini usitegemee ujumbe wa SMS peke yake, kwa sababu simu ikiibwa laini nayo imekwenda. Chapisha misimbo ya akiba ya akaunti hiyo, uiweke pamoja na vyeti vya nyumba, na mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini karatasi hiyo ilipo na diski ilipo.