Mkoba wa ngozi wa zamani Mombasa: upepo kwanza, mafuta baadaye

Maelekezo mengi ya kutunza mikoba ya ngozi yametoka nchi za baridi, ambako hita za nyumbani hukausha hewa mpaka ngozi ikapasuka. Ndiyo maana kila mahali unaambiwa upake mafuta, kisha upake tena. Mombasa ngozi haifi kwa kiu, inakufa kwa koga, yaani ukungu wa kuvu. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa, na pwani hapa kiwango hicho ni cha kawaida. Ukiongeza mafuta juu ya unyevu huo, umeipelekea koga na kitoweo. Utaratibu ufuatao umepangwa kwa hali ya hewa ya kwetu.

Jua ulichoshika mkononi

Kabla ya kulipa, iwe soko la Kongowea kwenye marobota ya mitumba au dukani, tafuta mahali ngozi ilipokatwa: ukingo wa mkanda, au ndani ya mfuko mdogo. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, kama karatasi nene iliyochanwa. Reksini, yaani ngozi ya bandia, huonyesha kitambaa chini na utando mwembamba juu. Utando huo ukiwa wa poliyurethani, aina ya plastiki, unyevu huuvunja polepole: kwanza unanata, halafu unachubuka maganda. Ukishafika hapo hauna dawa. Rangi na gundi ni kupoteza pesa.

Mikoba ya Louis Vuitton yenye nakshi za herufi huwakanganya wengi. Mwili wake ni turubai la pamba lililopakwa utando. Ngozi ni mikono na mapambo ya pembeni tu, na ngozi hiyo huachwa bila rangi ili ibadilike kwa jasho na jua. Mikono ikiwa myeupe kabisa kwenye mkoba uliochakaa, jiulize kwa nini.

Kisha dondoshea tone la maji sehemu iliyofichika. Likizama ndani ya dakika moja na kuacha doa jeusi, ngozi haina kinga juu yake, na kila utakachoipaka itakinywa. Likibaki juu kama umande kwenye jani la mgomba, ngozi imepakwa rangi ya juu na inavumilia kufutwa. Kazi yote inayofuata inategemea jibu hili.

Kuna kasoro moja ya kukufanya uuache mkoba hapo hapo: ukisugua ngozi, kidole kinatoka na unga mwekundu. Hiyo ni ngozi ya dabaghi ya magome, yaani iliyotengenezwa kwa magome ya miti, iliyooza ndani kwa tindikali, na nyuzi zake zimekatika. Mafuta huifanya nyeusi na nzito, lakini hayaunganishi kilichokatika.

Koga

Toa mkoba nje, kivulini penye upepo, mbali na kabati la nguo, kwa sababu vijimbegu vya kuvu hupeperuka. Vaa barakoa. Fungua zipu zote na uvute bitana nje ikiwa inavutika. Anza na brashi laini, kavu, ukipiga kuelekea upande mmoja. Usianze na kitambaa chenye maji: maji huvipeleka vijimbegu ndani ya vinyweleo vya ngozi, na baada ya wiki mbili koga inachipuka palepale.

Baada ya brashi, changanya spiriti ya duka la dawa na maji safi nusu kwa nusu. Lowesha kipande cha fulana kuukuu, kamua mpaka kisidondoke, jaribu kwanza chini ya mkoba. Kitambaa kikitoka na rangi, acha spiriti, rudi kwenye brashi na upepo. Kikitoka safi, futa mkoba mzima ukigeuza kitambaa kila baada ya mpapaso mmoja au miwili, na usisahau ndani ya mikunjo ya mishono. Uache mbele ya feni siku mbili. Ukague tena baada ya wiki moja, maana koga hurudia kwenye mshono kabla ya kwingine.

Si kila weupe ni koga. Utando mweupe kwenye mikunjo unaweza kuwa mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu, hasa kwenye mkoba uliokaa miaka katika baridi. Upulizie hewa ya vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele kwa sekunde chache. Mafuta huyeyuka na kupotea, koga haiyeyuki.

Kuhusu uvundo: wengi hukimbilia chetezo. Udi unafaa kwa nguo, lakini ndani ya mkoba wenye koga unafunika harufu tu, na moshi wake una mafuta yanayogandamana na bitana. Funga makaa makavu machache kwenye kitambaa, yatie ndani ya mkoba, uweke mkoba kwenye kasha lililofunikwa siku tatu hadi saba. Magadi ya mikate pia hunyonya harufu, lakini yakae kwenye kikombe. Yasiguse ngozi, kwa sababu ngozi ina uchachu kidogo na magadi huuvunja.

Kuosha

Uchachu huohuo ndio sababu ya kukataa sabuni ya kipande. Kwa kipimo cha uchachu, pH, ngozi iko karibu na 4 au 5. Sabuni ya kipande inafika 9 hadi 10. Ukiitumia, ngozi hung'aa siku hiyo, halafu hukakamaa. Tumia shampuu ya watoto, nusu kijiko cha chai kwa nusu lita ya maji. Piga povu kwenye sponji na utumie povu hilo, si maji yenyewe. Futa sehemu nzima kutoka mshono hadi mshono. Ukisugua doa peke yake utabaki na duara.

Maji nayo yana neno. Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Yakikauka kwenye ngozi huacha mstari mweupe, na chumvi hiyo huendelea kuvuta unyevu. Tumia maji ya mvua au ya kunywa.

Ipo mikoba michache inayoweza kuzamishwa majini, na inayojulikana zaidi ni ile ya zamani ya Coach, kampuni iliyoanza New York mwaka 1941. Ngozi yake ni nene, rangi imepenya, mingi haina bitana, na vyuma vyake ni shaba tupu. Kitasa cha kuzungusha ambacho watu hukitambulia mikoba hiyo kilitoka kwa mbunifu Bonnie Cashin, aliyeanza kuwabunia mwaka 1962. Mkoba kama huo, ukiwa mchafu kote au umejaa mistari ya maji, unafanyiwa hivi.

Jaza beseni maji ya vuguvugu kidogo, yasizidi joto la mkono, na kijiko kimoja cha chai cha shampuu. Zamisha mkoba wote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ukizamisha nusu utaacha mpaka wa maji usiofutika. Acha dakika 15 hadi 20, ukipitisha brashi laini ndani na nje. Maji yatageuka kama chai ya mkandaa, na si ajabu: tanini iliyomo kwenye magome ya mkandaa ni ya jamii ileile inayotumika kutia ngozi dabaghi. Badilisha maji mpaka yawe meupe. Usikamue. Kandamiza kwa taulo, jaza taulo nyeupe ndani, nyoosha umbo kwa mkono, na ubadilishe taulo kila baada ya saa chache. Ukauke kivulini siku mbili hadi nne. Ngozi iliyoloa ikipata jua la saa saba mchana juu ya bati, hujikunja na kuwa ngumu kama gamba, na umbo halirudi.

Wakati wa kusi, mvua za masika zikiisha, upepo hukusaidia. Aprili na Mei usijaribu: masika yanaponyesha mfululizo koga hufika kabla mkoba haujakauka. Wala usizamishe mkoba wenye bitana ya gundi au kadibodi ndani ya kitako. Kadibodi huvimba na kuharibu umbo.

Vyuma

Gusisha sumaku. Ikinasa, chini kuna chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu au nikeli, na hicho usikipake dawa ya kung'arishia kama Brasso, kwa sababu utakwangua utando na kutu itaanza. Futa kwa kitambaa kikavu, paka nta kidogo. Isiponasa, angalia mkwaruzo wa nyuma: shaba ni ya njano hadi ndani.

Uchafu wa kijani unaonata pale shaba inapogusa ngozi hutokana na mafuta ya ngozi kushambulia shaba. Ukwangue kwa njiti ya meno, kamwe si kwa kisu. Kila mtu anajua madele ya kahawa hung'arishwa kwa ndimu, na ndimu hufanya kazi hapa pia, lakini kwa chuma kilichofunguliwa tu. Tone moja likiingia kwenye ngozi ya magome huacha doa. Chuma kisichofunguka, kata tundu kwenye plastiki ngumu, kipenyeze hapo, ndipo usugue.

Zipu ngumu isugue nta ya mshumaa. Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake, kichwa kimelegea: kibane kidogo kwa koleo, pande zote mbili sawa.

Mishono

Uzi wa pamba huoza kwa unyevu wakati ngozi bado nzima, na kwa kawaida huanza kukatika pale mkanda unaposhika ringi. Chukua uzi wa poliesta uliotiwa nta, unene wa milimita 0.8, urefu mara nne ya mshono. Tunga sindano butu kila ncha. Pitisha sindano ya kwanza kwenye tundu, kisha ya pili kwenye tundu hilohilo kutoka upande wa pili, vuta zote mbili kwa nguvu sawa. Mshono wa namna hii uzi ukikatika mahali pamoja, mwingine unabaki umeshika. Ule wa mashine hufumuka. Maliza kwa kurudi nyuma matundu mawili, kata, unguza ncha.

Ukimpelekea fundi viatu, mwambie mapema: "Fundi, nipitishie matundu yaleyale, usitoboe mengine." Msharasi ukiongeza matundu kati ya matundu, ngozi huchanika kwenye mstari kama stempu. Na umkataze supaglu, kwani ikikauka huwa kioo na ngozi hupasuka pembeni yake. Gundi ya viatu inatosha: paka pande zote mbili, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane.

Rangi na madoa

Kiwi ya viatu ni ya viatu. Kwenye mkoba rangi yake huhamia nguoni, na kanzu nyeupe ya Idi ndipo utakapoiona. Kona zilizochubuka kwenye ngozi ya rangi ya juu zinahitaji rangi ya akriliki ya ngozi: futa nta kwa spiriti, pitisha msasa wa namba 600 kwa wepesi, gusagusa kwa sponji tabaka tatu hadi tano nyembamba, kila moja ikauke nusu saa. Tabaka moja nene hupasuka mkoba ukikunjwa. Kisha paka umaliziaji wa kinga, usiubebe kwa siku tatu.

Hina mbichi ikigusa mkono wa mkoba usijisumbue. Rangi yake hujifunga kwenye protini ya ngozi, na watu wametia ngozi rangi kwa hina tangu zamani. Ficha doa kwa skafu iliyosokotwa kuzunguka mkono, au upake mkono mzima rangi ya kukoza.

Mafuta

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, maana yake hapa ni maji karibu mwaka mzima. Yanatambaa ndani ya ngozi, yanafika kwenye bitana, yanavuta vumbi, na ngozi inabaki laini kupita kiasi na yenye madoa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo hubaki mahali ulipoiweka. Tafuta krimu ya ngozi yenye nta ya nyuki au lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Mkoba wa kadiri unahitaji kijiko kimoja cha chai, ukipakwa kwa kitambaa mpaka kionekane kimekauka. Ngoja saa 24, futa kilichobaki, sugua. Mara mbili kwa mwaka inatosha, Januari kwenye kaskazi kavu na Agosti. Swedi, ngozi yenye manyoya mafupi kama mahameli, haipakwi kabisa. Hiyo ni brashi na raba ya kufutia.

Kabatini

Jaza ndani fulana kuukuu au karatasi nyeupe, si gazeti, kwa sababu wino wake huhamia kwenye bitana. Funga mkoba kwa kanga ya pamba iliyochakaa. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu ndani. Uweke umekaa, mkanda ukiwa ndani na usiokunjwa, kwenye rafu isiyogusa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Mikoba ya ngozi inayong'aa kama kioo itenganishe, kwani hunyonya rangi ya jirani yake.

Wakati wa masika itoe kila wiki, uifungue, uiache mbele ya feni saa mbili. Ukitumia jeli ya silika, yaani punje za kunyonya unyevu, chagua punje zinazobadili rangi. Zikibadilika zimeshiba, zipashe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo uzirudishe.