Mwanafunzi ameletwa kwako kwa sababu ya tabia: mshauri nasaha aanzie wapi

Mwongozo huu ni wa walimu wa ushauri nasaha wanaoletewa wanafunzi na kuambiwa, "Ongea naye abadilike." Maongezi peke yake hayafiki mbali. Tabia inayojirudia humpatia mwanafunzi kitu fulani. Kazi yako ni kukigundua kitu hicho, kisha kumfundisha njia nyingine ya kukipata bila kumuumiza mtu wala kupoteza masomo.

Hatua ya 1: Jitenge na adhabu

Kubaliana mapema na mwalimu wa nidhamu kwamba adhabu haitolewi ofisini kwako wala na wewe. Mwanafunzi akiona mlango wako ni mlango wa adhabu, hatakuambia lolote la kweli. ASCA, chama cha washauri wa shule cha Marekani, nacho kinaorodhesha utoaji wa adhabu miongoni mwa kazi zisizomfaa mshauri. Shikilia hapo hata ukilaumiwa kuwa unawadekeza.

Hatua ya 2: Geuza lalamiko liwe tabia inayoonekana

"Ana dharau" haihesabiki. Muulize mwalimu: anafanya nini hasa, kipindi gani, akiwa karibu na nani? Ukipata jibu kama "anasukuma vitabu na kutoka bila ruhusa, zaidi kipindi cha kusoma", una pa kuanzia. Chagua tabia moja kwanza.

Hatua ya 3: Chunguza kabla ya kushauri

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kila kitu. Chora safu tatu kwenye karatasi: kilichotangulia, tabia yenyewe, kilichofuata. Kaa nyuma ya darasa katika vipindi kadhaa, kikiwemo kimoja ambacho mwanafunzi huwa ametulia, maana utulivu nao una sababu zake. Mwombe mwalimu naye ajaze siku usipokuwepo. Andika ulichokiona, si unachokidhani: "aligonga meza baada ya kuitwa asome kwa sauti", wala si "alionyesha kiburi".

Kisha isome safu ya tatu kwa makini. Ikiwa kila anapovuruga anatolewa nje, na kila mara kilichotangulia ni kusoma, huenda anakimbia kusoma, na kumtoa nje ni kumpa alichokitaka. Ikiwa darasa zima hucheka, huenda anatafuta kuonekana. Wapo wanaotaka kifaa au shughuli fulani, na wapo ambao mwili wenyewe hupata nafuu kwa kutembeatembea au kutikisa miguu. Wanafunzi wawili wanaweza kufanya fujo ile ile kwa sababu tofauti kabisa, na kinachomsaidia mmoja kikamharibu mwenzake.

Anayekimbia kusoma, hakikisha kwanza kama anaweza kusoma, anaona ubaoni na anasikia vizuri. Uliza pia kuhusu usingizi, njaa na kuonewa na wenzake. Mara nyingi tunaloliita tatizo la nidhamu ni tatizo la kujifunza ambalo mtoto anaona aibu kulitaja.

Hatua ya 4: Msikilize mwenyewe

Anza kwa kumweleza mipaka ya siri: mtakayozungumza yatabaki kwako, isipokuwa kama kuna anayemuumiza, au yeye mwenyewe anataka kujiumiza au kumuumiza mwingine. Likijitokeza mojawapo, weka mpango wa tabia kando na ufuate utaratibu wa ulinzi wa mtoto siku hiyo hiyo.

Epuka "kwa nini ulifanya?" Swali hilo huzaa visingizio au kimya. Uliza, "Nini hutokea kabla tu hujainuka?" Kisha mpe kipimo: "Kuanzia 0 hadi 10, umefika wapi katika kutulia kipindi hicho?" Akisema 3, muulize imekuwaje isiwe 1. Hapo atakutajia anachokiweza tayari, nawe utajenga juu yake. Maswali ya namna hii yamezoeleka katika tiba fupi inayolenga suluhisho, iliyoasisiwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg.

Hatua ya 5: Fundisha tabia mbadala

Tabia mpya lazima imletee kile kile, na kwa urahisi zaidi. Anayekimbia kazi apewe kadi ya kuombea msaada au mapumziko ya dakika 2. Anayetafuta kuonekana apewe jukumu mwanzoni mwa kipindi, au aulizwe swali analolijua. Igizeni ofisini mpaka aizoee. Kuambiwa tu hakutoshi.

Hatua ya 6: Kadi ya kila siku

Asubuhi mkutane kwa dakika chache, umpe kadi yenye malengo 2 yaliyoandikwa kwa lugha ya kutenda: "nainua mkono", si "sipigi kelele". Kila mwalimu ampe 0, 1 au 2 kwa kila lengo. Jioni mhesabu pamoja, kisha kadi iende nyumbani kwa mzazi. Vipindi 6 vina alama 24. Kama kwa sasa anapata 10, lengo la kwanza liwe 13, lipande polepole. Alama aliyokwisha kuipata haiondolewi, hata akikosea baadaye. Kadi humfaa zaidi anayetafuta kuonekana. Anayekimbia kazi anahitaji kazi yenyewe irekebishwe.

Hatua ya 7: Waandae walimu na wazazi

Waambie wamsifu kwa kutaja kitendo: "Umeinua mkono ukasubiri, asante." Wengi hupendekeza sifa 4 kwa kila karipio 1. Waonye pia kwamba tabia iliyozoea kulipwa inaweza kuongezeka kwa muda malipo yanapokatwa. Wasipojua hilo, watakata tamaa wiki ya kwanza na kurudia ya zamani. Mzazi naye aombwe asiigeuze kadi yenye alama ndogo kuwa sababu ya kipigo. Ukiwa na shaka, isiende nyumbani.

Hatua ya 8: Pima, punguza, kisha tazama orodha nzima

Baada ya wiki chache linganisha na hesabu ya mwanzo. Ikiwa tabia imepungua, mwache ajipe alama mwenyewe, kisha kadi itolewe baadhi ya siku tu mpaka iishe. Haijapungua, rudi hatua ya 3. Huenda ulikosea sababu.

Mwisho wa muhula, kusanya majina yote uliyoletewa na uyapange kwa kipindi na mahali. Wengi wakitoka kipindi kimoja au ukumbi mmoja wakati wa mapumziko, nenda kwa mkuu wa shule na hesabu hizo bila majina, mzungumzie usimamizi wa mahali hapo.