Somo: Kutembelea Real Alcázar ya Sevilla, Hispania

Real Alcázar ni kasri la kifalme lenye majumba kadhaa ya enzi tofauti. Jina Alcázar lisikutishe. Ni al-qasr ya Kiarabu, ileile iliyotupa sisi neno kasri. Wengi huingia wakiamini kwamba jumba lenye nakshi za Kiislamu ndilo kongwe, na lile la Kigothi, mtindo wa ujenzi wa Wakristo wa Ulaya, likaja baadaye. Ni kinyume chake.

Hatua ya 1. Nunua tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla. Ina saa yake ya kuingia. Mlango ni Puerta del León, kwenye ukuta mwekundu wenye kigae cha simba.

Hatua ya 2. Kata kushoto kwanza, hadi Patio del Yeso. Uani humo ndimo kilimobaki kipande cha enzi ya Waislamu wenyewe, karne ya 12. Makundi hupapita mbio, shauri yao.

Hatua ya 3. Rudi ua mkubwa, usimame mbele ya jumba la Mfalme Pedro I. Inua macho juu ya madirisha. Vigae vya buluu na vyeupe vimeandikwa kwa khati ya Kufi, maandishi ya Kiarabu yenye pembe pembe: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, kaulimbiu ya masultani Waislamu wa Granada, mji mwingine wa Hispania. Kuvizunguka kuna herufi za Kigothi zinazotangaza kwamba Don Pedro ndiye aliyejenga, mwaka 1402. Castilla, ufalme wa Pedro, ilikuwa na hesabu yake ya miaka. Toa 38, upate 1364. Mfalme Mkristo huyo alikuwa rafiki wa Sultani Muhammad V wa Granada, na alitaka jumba la namna ileile.

Hatua ya 4. Ndani ya jumba la Pedro, ingia ua wa Patio de las Doncellas. Aliyeona vidaka vya Lamu hatahitaji kuelezwa kazi ya kuchonga chokaa. Kisha Salón de Embajadores, ukumbi wa mabalozi, chini ya kuba la mbao la 1427. Keti kama kuna nafasi; shingo itauma.

Hatua ya 5. Malizia jumba la Kigothi la Alfonso X, karne ya 13. Tetemeko la 1755 lililiumiza, likafanyiwa ukarabati mkubwa. Usiondoke bila kushuka kwenye Baños de Doña María de Padilla, yaani mabafu ya Bibi María de Padilla.

MASWALI YA WANACHAMA

Hayo mabafu, mtu anaoga?
La. Ni tangi la maji ya mvua, jina tu limewaponza watu. Maji yakitulia, matao ya dari yanaonekana chini kama ngalawa zilizopinduka.

Ndugu, mbona mimi sikuona vyumba vya juu?
Vina tiketi yake. Familia ya kifalme huvitumia hadi leo ikifika Sevilla.

Alhambra si hapohapo?
Hapana, dada yangu, hilo ni kasri la masultani, liko Granada. Usije ukakata tiketi ya mji mmoja na hoteli ya mwingine.

Nina watoto wawili, watachoka?
Vyumbani, ndiyo. Wapeleke bustanini wakatafute tausi na kupotea kwenye njia za mzingile wa miti. Nyinyi wakubwa mpeane zamu.